Kidimbwi cha Shule Kisifukiwe

Majuzi nilialikwa kuwahutubia wanafunzi wa shule moja ya upili katika siku yao ya kutuza washindi. Baada ya sherehe, mwalimu mkuu alinitembeza hadi kwenye kidimbwi cha kuogelea. Pampu ilikuwa ikinguruma ingawa hapakuwa na muogeleaji hata mmoja. Ng'ambo ya ua, akina mama walikuwa wamepanga foleni ya mitungi wakingojea maji ya kununua. Mwalimu huyo aliniarifu kuwa halmashauri ya shule inanuia kukifukia kidimbwi hicho kwa sababu ya gharama ya maji na umeme.

Naamini kwamba hilo litakuwa kosa. Kuogelea si anasa ya wana wa matajiri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 ulimwenguni walikufa maji mwaka wa 2021. Anayemfunza mtoto kuogelea amemkinga na ajali hiyo. Hata hivyo, hatuwezi kukitetea kidimbwi huku tukiufumbia macho ubadhirifu.

Tuanze na maji yenyewe. Chukua kidimbwi chenye urefu wa mita 25 na upana wa mita 12.5. Maji yakipungua kwa milimita 5 tu kutokana na uvukizi, zaidi ya lita 1,560 zimetoweka, yaani mitungi 78 ya lita 20. Bandu bandu huisha gogo. Isitoshe, maji yageukapo mvuke huondoka na joto. Kwa hivyo, anayepasha kidimbwi moto hupoteza maji na kawi kwa pamoja.

Dawa ya maradhi haya ni kifuniko cha plastiki kinachoelea, kitandazwe usiku na wakati wowote usio wa kuogelea. Kifuniko hupunguza uvukizi, huhifadhi joto na huikinga klorini, ambayo huharibiwa na miale ya jua. Sharti kiondolewe chote kabla ya yeyote kuingia majini, kwani mtoto aweza kunaswa chini yake.

Jambo la pili ni pampu. Wengi hudhani kwamba pampu ikipunguzwa kasi kwa nusu, umeme nao hupungua kwa nusu. Sivyo. Kwa pampu ambayo kasi yake yaweza kubadilishwa, kasi ikiwa nusu, umeme unaohitajika hushuka hadi karibu thumuni moja. Hata ikibidi iendeshwe kwa muda maradufu ili isafishe maji yale yale, itatumia takriban robo ya kawi ya awali. Palipo na haja ya kupasha maji moto, jua letu laweza kuifanya kazi hiyo kupitia mabomba meusi yaliyotandazwa juu ya paa.

La tatu ni mazoea. Wanaisimu twajua kwamba neno "kuogelea" limetokana na "kuoga". Shuleni nako, kuoga na kutangulie kuogelea. Jasho na mafuta ya mwilini huila klorini na kukichafua kichujio, nacho kichujio huoshwa kwa maji mengi. Maji hayo yenye klorini yasimwagwe mtoni, maana huua samaki.

Mali bila daftari huisha bila habari. Napendekeza wanafunzi wapime kina cha maji kila asubuhi kwa wiki nzima na kusoma mita za maji na umeme. Katika somo la Hisabati wakokotoe hasara, katika Sayansi waeleze chanzo chake, na katika Kiswahili waiandikie halmashauri ripoti. Halmashauri ikishaisoma ripoti hiyo, na kidimbwi kikishafunikwa kwa muhula mmoja, ndipo izungumze habari ya sepetu.