Matatizo ya kumeza katika ugonjwa wa Parkinson

Matatizo ya kumeza katika ugonjwa wa Parkinson ni hali ambapo mtu mwenye ugonjwa huo hushindwa kupitisha chakula, kinywaji, dawa au mate yake mwenyewe kutoka kinywani hadi tumboni kwa usalama. Huwapata wagonjwa wengi, hasa ugonjwa unapoendelea, na huweza kusababisha nimonia, ambayo ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wenye Parkinson. Mara nyingi mgonjwa husema anameza vizuri huku chakula kikiingia kwenye njia ya hewa. Kwa hiyo kuligundua tatizo hili mapema hutegemea kuuliza maswali mahususi, kumtazama mgonjwa akila na kufanya vipimo, ambavyo baadhi havihitaji mashine yoyote.

Chanzo

Ugonjwa wa Parkinson hutokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuratibu mwendo wa misuli. Daktari Mwingereza James Parkinson, aliyeueleza ugonjwa huo mwaka 1817, tayari alitaja mate yanayotoka mdomoni na taabu ya kutafuna na kumeza.

Katika hali ya kawaida ulimi husukuma tonge nyuma ya kinywa, zoloto hupanda, koo la hewa hufungwa, kisha tonge huingia kwenye umio na kushuka tumboni. Kwa mgonjwa wa Parkinson kila hatua yaweza kuharibika. Ulimi hulisogeza tonge mbele na nyuma bila kulipeleka kooni. Koo la hewa huchelewa kufungwa. Mabaki ya chakula hubaki kwenye koromeo na kuteleza kuelekea mapafuni baadaye. Udenda unaodondoka kwa kawaida hautokani na mate kuzidi: mgonjwa humeza mara chache kuliko zamani, na mate hujikusanya.

Kwa nini tatizo hujificha

Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wagonjwa walipoulizwa, takriban 35% walisema wana shida ya kumeza. Walipopimwa, shida ilionekana kwa takriban 82%. Tofauti hiyo ina sababu kadhaa. Mabadiliko huja polepole, na mtu huyazoea: huacha nyama, hula taratibu, huacha kula mbele za wageni. Pia hisia za koo hupungua, hivyo chakula au maji huweza kuingia kwenye koo la hewa bila kumfanya akohoe. Hali hiyo ya kupaliwa kimyakimya ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu haina kelele ya kumshtua mtu yeyote.

Dalili

Swali «Je, unameza vizuri?» halitoshi. Mgonjwa na anayeishi naye huulizwa kuhusu mambo kama haya:

- kukohoa au kupaliwa wakati wa kula, kunywa au muda mfupi baadaye
- sauti yenye majimaji, kana kwamba kuna kitu kooni, baada ya kunywa
- mlo kuchukua muda mrefu zaidi kuliko zamani
- chakula kubaki mashavuni au kuhisi kimekwama kooni
- vidonge kugoma kushuka
- udenda kudondoka au mto kulowa usiku
- kupungua uzito bila kukusudia
- homa au nimonia zinazojirudia

Ziko pia hojaji maalumu zilizotungwa kwa kazi hii, mojawapo ikiwa na maswali 15. Hata hivyo majibu ya hojaji hayaondoi haja ya kumtazama mgonjwa, kwa kuwa naye huenda hajui kinachotokea kooni mwake.

Uchunguzi bila mashine

Kumtazama mgonjwa akila

Mchunguzi hukaa na mgonjwa wakati wa mlo wake wa kawaida. Huhesabu ni mara ngapi anameza kwa tonge moja, hutazama kama zoloto inapanda, husikiliza sauti yake baada ya kila funda na hukagua kinywa mlo unapokwisha.

Vyakula vinavyoliwa katika mikoa ya Mbeya na Iringa hutoa nafasi nzuri ya kuona tofauti hizo. Chai, maji na ulanzi ni vyepesi na hukimbia kooni kabla njia ya hewa haijafungwa. Ulanzi huongeza hatari nyingine, kwani pombe hupunguza umakini. Wali mkavu hutawanyika mdomoni. Makande yana mchuzi pamoja na punje ngumu: mchuzi hutangulia kooni wakati mgonjwa bado anatafuna mahindi. Uji mzito, ndizi zilizopondwa na viazi vilivyopondwa kwa kawaida humezwa kwa urahisi zaidi. Mgonjwa anayemaliza bakuli la uji bila shida lakini akakohoa kwa chai amekwisha kuonyesha dalili muhimu.

Kipimo cha maji

Mgonjwa aliyeketi wima na aliye macho hupewa mililita 90 za maji, yaani zaidi kidogo ya theluthi moja ya glasi ya mililita 250, ayanywe mfululizo bila kupumzika. Akishindwa kumaliza, akikohoa au sauti yake ikibadilika katika dakika moja inayofuata, anahitaji uchunguzi zaidi. Kabla ya hapo hujaribiwa kwa kijiko kimoja au viwili. Kipimo hiki hakifanywi kwa mtu mwenye usingizi mzito, anayehema kwa shida au anayepaliwa na mate yake mwenyewe. Kukivuka salama hakuthibitishi kwamba hakuna tatizo, kwa sababu kupaliwa kimyakimya kunaweza kukwepa macho na masikio ya mchunguzi.

Wakati wa kupima

Nguvu ya mgonjwa hubadilika kufuatana na dawa. Anayetumia levodopa huweza kumeza vizuri dawa inapofanya kazi na vibaya inapoisha nguvu. Kwa hiyo saa ya dozi ya mwisho huandikwa pamoja na matokeo.

Vipimo vya hospitali

Vipimo viwili huonyesha kinachotokea ndani. Katika eksirei ya video, mgonjwa humeza chakula kilichochanganywa na bariamu huku picha zikichukuliwa. Katika kipimo cha pili, kilichoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1988, kamera nyembamba hupitishwa puani hadi koromeo. Vyote viwili vinaweza kugundua kupaliwa kimyakimya, lakini huhitaji vifaa na wataalamu waliofunzwa.

Hali nchini Tanzania

Utafiti wa nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulihusisha wakazi wapatao 161,000 na kupata watu 33 wenye Parkinson. Wengi wao hawakuwa wamewahi kutambuliwa na daktari. Utafiti mwingine wa eneo hilo, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha jinsi jamii inavyouelewa ugonjwa huo, ambao wenyeji huuita ugonjwa wa kutetemeka.

Jambo hilo lina maana kubwa kwa ugunduzi wa shida ya kumeza. Mtu ambaye Parkinson yake haijatambuliwa huweza kufika zahanati akiwa na kikohozi cha muda mrefu na mwili uliokonda, dalili ambazo pia ni za kifua kikuu. Kipimo cha makohozi ni cha lazima, lakini kikionyesha hakuna kifua kikuu, kumtazama mgonjwa akinywa maji huweza kuonyesha chanzo ambacho dawa za kikohozi haziwezi kukiondoa.

Katika Nyanda za Juu Kusini wagonjwa hupanda ngazi za huduma kutoka zahanati na vituo vya afya hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Kwa familia ya kijijini kila hatua ina nauli na siku za kazi zilizopotea, hivyo uchunguzi wa mwanzo karibu na nyumbani husaidia kuamua nani asafiri haraka.

Baada ya tatizo kugunduliwa

Hatua za kwanza ni mgonjwa kuketi wima, kula taratibu kwa matonge madogo, kupanga mlo saa ambayo dawa inafanya kazi, na kusafisha meno na kinywa ili bakteria wachache waingie mapafuni. Uzito wake hupimwa mara kwa mara. Vinywaji vinaweza kufanywa vizito kwa ushauri wa mtaalamu. Kwa kuwa wengi hawavipendi na hunywa kidogo, upungufu wa maji mwilini huangaliwa. Dawa zake pia hupitiwa, kwani baadhi, kama metoklopramidi ya kuzuia kutapika na haloperidoli, huzuia kazi ya dopamini na kuzidisha dalili za Parkinson.

Mgonjwa aliyepaliwa akashindwa kukohoa, kuongea au kupumua yuko katika hatari ya haraka na huhitaji msaada papo hapo. Mwenye homa na kupumua kwa kasi baada ya kupaliwa hupelekwa hospitali siku hiyohiyo.