SOKO HURIA: KIKUUBO KUMEJAA, JE, VIWANDANI?

Ndugu wafanyakazi,

Kikuubo kwa Kiganda ni uchochoro. Lakini uchochoro huu wa Kampala ndio ghala la nchi. Tangu asubuhi wapagazi hupita na magunia vichwani, na wachuuzi hufika hata kutoka Kongo na Sudan Kusini kununua kwa jumla. Sabuni, sukari, ndoo na nguo, vyote vipo.

Haikuwa hivyo daima. Baada ya Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, viwanda vilizorota, chumvi na sabuni zikawa adimu, na magendo yakatawala. Mwaka 1987 Serikali ilikubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, ikashusha thamani ya shilingi na kufungua biashara. Mwaka 1990 maduka ya fedha za kigeni yaliruhusiwa. Kisha bodi za kahawa na pamba zikaondolewa ukiritimba. Bidhaa zilirudi madukani, na mkulima wa kahawa akapata sehemu kubwa zaidi ya bei ya soko la dunia. Hayo ni ya kweli, wala hatuyafichi.

Lakini sisi si wanunuzi tu, sisi ni wazalishaji pia. Kiwanda cha nguo cha Nytil, Jinja, kilianza katika miaka ya 1950 kwa umeme wa Owen Falls na pamba yetu wenyewe. Viwanda vya namna hiyo, vikiwa na mitambo iliyochakaa, vilitakiwa kushindana na vitambaa vya Asia na mitumba ya Ulaya na Marekani. Shati likiwa rahisi Owino, ni nafuu kwetu. Lakini mfumaji wa Jinja akikosa kazi, hata shati hilo hawezi kulinunua.

Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki ziliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuzinyima nafuu ya ushuru katika mpango wa AGOA. Uganda, Kenya na Tanzania zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Je, huo ndio uhuru wa soko?

Tazameni pia mishahara. Kima cha chini cha Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada mpya, Rais akakataa kuutia sahihi. Bei za bidhaa ziliachwa zipande na soko, lakini kima cha mshahara kikaachwa palepale.

Hatudai Kikuubo kufungwa. Tunadai ushuru unaolinda viwanda vinavyoajiri watu wetu, na kima cha chini kinachotosha chakula, kodi ya nyumba na karo. Haya hayaletwi na soko. Huletwa na wafanyakazi waliojiunga katika chama, wa kiwandani na wa shambani pamoja.

Umoja ni nguvu!