Garanti ya okazyo: tulipe ao tuweke feza?

Katika mwezi wa 4 wa mwaka 2021, baba mmoja wa Rubaya, katika Masisi, alishuka Goma pamoja na mama wa nyumba na kijana wao mkubwa. Walikuwa na dola 4 800. Ilikuwa feza ya miaka mine ya kununua na kuuzisha koltan, kidogo kidogo, na mama alikuwa amefunga sehemu yake katika kitambaa tangu shamba la maharagi. Walitaka motokari ndogo ya okazyo, kijana aendeshe taksi mjini, na watoto wadogo wapate kulipiwa masomo hata siku mawe yakikosa bei.

Walipata Toyota Carina kwa dola 4 200. Moteri ililia vizuri, viti havikupasuka. Baba alikuwa amekwisha kutia mkono mfukoni wakati muuzaji alipoleta neno la mwisho.

— Papa, uongeze dola 400 tu, nitakupatia garanti ya mwaka muzima. Kitu yote ikiharibika, unaleta ku garaji yangu, tunatengeneza bure.

— Kitu yote? mama akauliza.

— Karibu yote, Mama.

Ni juu ya neno lile «karibu» tunataka kuzungumza nanyi mwezi huu, kwa maana jamaa nyingi za Masisi na Walikale zinanunua motokari ao piki-piki ya okazyo na zinakutana na neno hilo.

Kwanza, tusichanganye garanti na asiransi. Asiransi inalazimishwa tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973: mwenye motokari analipa ili mtu atakayegongwa apate malipo. Kwa miaka mingi SONAS peke yake ndiyo iliyouzisha asiransi katika nchi yetu, mpaka sheria ya mwaka 2015 ilipofungulia kampuni zingine mlango. Lakini asiransi ile haitengenezi bwate ya vitesi iliyokufa. Hiyo ni kazi ya garanti, na garanti ya kuongeza hakuna anayelazimishwa kuinunua.

Katika Marekani biashara hii ni kubwa sana. Gazeti la Consumer Reports liliuliza wasomaji wake, na katika 2014 likaandika kwamba watu 55 katika kila 100 waliolipia garanti ya kuongeza hawakuitumia hata mara moja. Katika mwezi wa 7 wa 2024, kampuni moja ya kule, CarShield, ilikubali kulipa dola milioni 10 kwa kumaliza mashitaka ya serikali kwamba matangazo yake yalidanganya watu: walifikiri kila tengenezo litalipwa, kumbe hapana. Basi, kama kule kwenye barabara za lami na mahakama karibu mambo yanakuwa hivyo, sisi tufanye nini?

Tuangalie hesabu ya muuzaji. Yeye anachukua dola 400 kwa watu wengi, akijua kwamba atatengenezea wachache. Kama motokari ni nzima kweli, pengine hutahitaji garanti yake. Kama ni mgonjwa, atakuwa ameandika chini kabisa, kwa herufi ndogo, kile ambacho garanti haishike. Na vile ambavyo haishike ndivyo vinavyokufa kwetu: amortisa, rotili, mapinee, freni, ambreyaji. Wanaviita vitu vya kuchakaa. Muulize dereva yeyote anayepita kwenye mawe ya volkano ya Goma, ao anayepanda kutoka Sake kwenda Masisi wakati wa mvua, atakuambia ni nini alinunua mwaka huu. Hatakutajia moteri kwanza.

Halafu kuna garaji. Garanti ya Goma inatengenezwa Goma. Mtu wa Walikale anajua maana yake. Miaka ile ya kasiterite ya Bisie, ndege zilikuwa zinatua juu ya barabara yenyewe kule Kilambo, kwa sababu njia ya udongo mpaka Goma ilikuwa imekufa. Kama motokari imezima huko, nani atailipia lori la kuirudisha mjini? Karatasi nyingi zinanyamaza juu ya swali hilo.

Jambo lingine watu hawalifikirie: garanti inahesabu siku, haihesabu barabara. Siku motokari imelala nyumbani, garanti inatembea tu. Na kama umekubali kuilipa kila mwezi, ni hatari zaidi kwa jamaa za machimbo. Wazee wanakumbuka mwezi wa 9 wa 2010, wakati serikali ilisimamisha kuchimba katika Kivu zote mbili na Maniema mpaka mwezi wa 3 wa 2011. Katika mwezi wa 3 wa 2025 tena, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi Bisie kwa majuma kadhaa juu ya vita. Mshahara ukisimama, malipo ya garanti yanasimama, na yote uliyolipa mbele hayarudi.

Lakini kuna garanti moja ambayo hulipii, na wengi hawaijue. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo ni msingi wa sheria zetu juu ya mapatano, inasema kwamba muuzaji anajibu juu ya ubovu uliofichwa, ule ambao mnunuzi hangeweza kuuona na unaofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kurudishiwa feza, ao kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Ila anapashwa kushitaki upesi, na ubovu ulioonekana wazi haumo. Tena muuzaji ambaye hakuujua ubovu anaweza kujikinga kwa kuandika kwamba anauzisha «bila garanti yoyote». Kwa hiyo kijana aliyesoma asome karatasi yote ya kuuzisha, mstari kwa mstari, mbele ya baba kutia mkono wake. Hapa ndipo masomo tunayolipa yanapata faida!

Na mbele ya karatasi, motokari yenyewe. Lipa mekanisie wako, asiwe rafiki wa muuzaji. Aje asubuhi, moteri ikiwa baridi, kwa maana moteri iliyopashwa moto inaficha mengi. Atazame moshi, mafuta, maji ya radiatere, aingize vitesi vyote njiani. Namba iliyopigwa kwenye chuma ilingane na namba ya karte roze na ya karatasi za dwani. Msiamini sana kilometa. Carina haitengenezwe tena tangu 2001, basi ikikuonyesha kilometa 60 000, cheka kidogo na uendelee kukagua.

Kuna wakati tungesema: lipa. Kama garaji iko karibu na mahali motokari inalala, kama karatasi inataja moteri na bwate kwa majina, na kama muuzaji ana jina anaogopa kuliharibu, dola mia moja hivi zinaweza kuleta usingizi. Mia ine kwa motokari ya elfu ine, hapana.

Ile jamaa ya Rubaya ilifanya namna gani? Mama ndiye aliyekataa.

— Papa, tukitoa mia ine, tunabaki na mia mbili. Asiransi? Plaka? Tutakula nini?

Walimlipa mekanisie dola 20. Akaona rotili moja imelegea, bei ikashuka kwa dola 80. Kisha baba akamwambia muuzaji: «Kama una hakika na moteri yako, iandike miezi mitatu ndani ya fakture, bila kuongeza.» Muuzaji alikuna kichwa, akaandika: moteri na bwate. Nyumbani wakafungua sanduku ya motokari. Kila siku ya posho kijana alitia dola 10 ndani, na ufunguo ukakaa kwa bibi, asiyependa mchezo na feza.

Tarehe 22 ya mwezi wa 5 Nyiragongo ikatapika moto. Tarehe 27 serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji iondoke, na Carina ikaenda Sake na watu tisa ndani, magodoro juu. Garaji ya muuzaji ilikuwa imefungwa, siku za garanti zikiendelea kutembea. Waliporudi katika mwezi wa 6, amortisa mbili za mbele zilikuwa zimekufa. Hazikuwa katika fakture. Bibi alihesabu feza ya sanduku mara mbili, akatoa, akaomba risiti.