Jiografia ya Sekondari ya Juu na Miteremko ya Nairobi

Mtihani wa Jiografia wa KCSE, ule wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, una karatasi mbili, kila moja ya saa mbili na dakika 45. Ya kwanza huhusu maumbile ya ardhi na hali ya hewa, ya pili shughuli za binadamu. Katika karatasi ya kwanza swali la 6 halikwepeki: mtahiniwa hupewa ramani ya kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita moja, apime barabara, asome kontua, kisha aeleze kwa nini watu wamejazana hapa na kule hakuna nyumba. Hapo ndipo aliyekariri hukwama.

Kenya iliwahi kuwa na kidato cha tano na sita, na mtihani wao wa KACE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 1989. A-Level ilibaki katika shule za mtaala wa Uingereza, nyingine zikiwa katika mitaa ya Lavington na Karen jijini Nairobi. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 katika sekondari pevu huweza kuchagua Jiografia kwenye mkondo wa sayansi ya jamii.

Kwa mwanafunzi wa Nairobi, somo lenyewe liko mlangoni. Reli ilifika hapa mwaka 1899 na kambi ikapigwa penye maji na ardhi tambarare, kabla ya mlima wa kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa. Katikati ya jiji ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Ngong, upande wa kusini-magharibi, hufika mita 2,460. Magharibi kuna udongo mwekundu wa volkano usiotuamisha maji, na hewa ni baridi kidogo. Mashariki umetanda udongo mweusi unaovimba mvua inyeshapo na kupasuka ukikauka. Serikali ya kikoloni iliwatengea Wazungu magharibi, Waafrika wakasukumwa mashariki.

Ndiyo maana modeli ya mji yenye duara ya Burgess, aliyeueleza mji wa Chicago mwaka 1925, haiikai Nairobi vizuri. Vipande vya Hoyt vya 1939, vinavyotoka katikati na kufuata barabara kuu, vinaikaribia zaidi, ingawa Hoyt hakuwa akieleza sheria za ubaguzi. Mitaa ya Kilimani na Kileleshwa inamsumbua hata yeye: nyumba za bustani kubwa zimepisha maghorofa, na maji ya mvua yaliyokuwa yakizama ardhini sasa hukimbilia vijito vya Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo.

Vijito hivyo vinafaa kwa utafiti wa nyanjani. Wanafunzi huanza na dhana, kwa mfano kwamba kijito hupanuka kadiri kinavyoteremka, kisha hupima upana kwa utepe na kasi kwa kitu kinachoelea. Maji yakiwa machafu, vipimo huchukuliwa kutoka ukingoni, na ripoti lazima ieleze jinsi hilo lilivyoathiri matokeo.