RANGI ZA SKRINI NA HAKI YA MKULIMA KUSOMA BEI YAKE

Tangu msimu wa 2024/2025 korosho za wakulima wa Newala, Tandahimba na Masasi zimeuzwa kwa mnada wa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Bei iliyokuwa ikisomwa kwa sauti kutoka katika bahasha za zabuni sasa hutokea katika skrini. Ni hatua njema, ila ina sharti moja: mwenye mali aweze kuisoma.

Wengi hudhani kuwa maandishi husomeka kwa uzuri wa rangi. Sivyo. Jicho huitambua herufi hasa kwa tofauti ya mwangaza baina yake na uwanja ulio nyuma yake. Tofauti hiyo hupimwa kwa uwiano. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, na hapo ndipo mwisho wa kipimo. Manjano juu ya nyeupe haifiki hata 2 kwa 1. Kanuni za kimataifa za W3C za mwaka 2008 zinataka maandishi ya kawaida yasipungue 4.5 kwa 1, na yale makubwa 3 kwa 1.

Nyekundu juu ya kijani aghalabu haifikii kiwango hicho. Tena wako watu, wanaume zaidi kuliko wanawake, ambao tangu kuzaliwa hawazipambanui rangi hizo mbili. Kwao, orodha ya malipo inayotenga waliolipwa na wasiolipwa kwa rangi tupu, bila neno, ni fumbo.

Jua nalo lina lake. Karani asomapo uzito wa magunia katika simu nje ya ghala, mwanga wa jua hurudi kutoka kwenye kioo, nyeusi ikageuka kijivu, tofauti ikapungua. Hapo herufi nyeusi juu ya uwanja mweupe hustahimili zaidi. Uwanja mweusi wapendao vijana unafaa gizani. Lakini mzee mwenye mtoto wa jicho huenda naye akauchagua, kwa kuwa weupe mwingi humtia kiwi. Asilazimishwe.

Kabla ya Mkutano Mkuu, katibu wa Chama cha Msingi aonyeshe jedwali la makato ukutani, kisha akaketi benchi la mwisho. Akipata shaka, alipige picha isiyo na rangi: tarakimu zikipotea katika picha, rangi zibadilishwe kabla wanachama hawajaingia.