Fasihi iko mlango gani?

Hapa sokoni Gatumba, kando ya barabara ya Uvira, mpwa wangu alinionesha fomu ya kujiunga na chuo. Amekulia Ulyankulu, Tabora. Kwake fasihi ni moja: simulizi na andishi. "Mjomba, huku fasihi iko wapi?"

Nilimweleza kuwa Chuo Kikuu cha Burundi kimeigawa kwa lugha: Kifaransa idara yake, Kiingereza yake, lugha za Kiafrika yake. Ngano za bibi mlango huu, riwaya za Paris mlango ule.

Waliorudi wenzangu, mgawanyo huo uliwahi kupingwa. Oktoba 1968, jijini Nairobi, Ngugi wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe, fasihi ya Afrika ikae katikati, masimulizi yakiwamo. Hatimaye ikapatikana Idara ya Fasihi. Dar es Salaam nako Idara ya Kiswahili, iliyoanzishwa 1970, ilifundisha fasihi kwa Kiswahili chenyewe.

Kijana anataka lugha za Kiafrika. Dada yangu, muuza ndagala, anasema Kifaransa ndicho chenye kazi, na sikuweza kumbishia. Fomu bado iko wazi.