UZI: Chanjo, sindano na swali ambalo hatuulizi kuhusu mifugo

1/ Juzi saa saba mchana nilipita Jeevanjee Gardens nikakuta mjadala umewaka. Huyu anasema chanjo ya mifugo ni njama, yule anasema anayepinga anataka ng'ombe wetu wafe. Nilisimama hapo karibu dakika 40 na sikusikia mtu akitaja ugonjwa hata mmoja kwa jina. Wacha nijaribu.

2/ Kampeni iliyozinduliwa Januari 2025 ililenga magonjwa mawili: ugonjwa wa miguu na midomo kwa ng'ombe milioni 22, na sotoka kwa mbuzi na kondoo milioni 50, kwa miaka 3. Yote mawili huletwa na virusi. Antibiotiki haiui virusi, ndiyo maana hapo kinga ni chanjo.

3/ Kimeta, chambavu, homa ya mapafu, ugonjwa wa kutupa mimba na ugonjwa wa kiwele ni kundi lingine. Haya mara nyingi ni ya bakteria. Mengine yana chanjo, mengine hutibiwa kwa antibiotiki. Lakini lazima kwanza ujue ni bakteria gani. Hapo ndipo tunaanguka, na mimi nikiwemo.

4/ Shangazi yangu anafuga ng'ombe wawili Uthiru. Mmoja alivimba kiwele, maziwa yakatoka na mabonge. Akaenda duka la dawa za mifugo, akauziwa sindano ya penisilini na streptomaisini. Nafuu siku tatu, baada ya wiki mbili ugonjwa ukarudi. Sindano ileile. Ukarudi tena, sindano ileile. Pesa nilikuwa nikituma mimi kwa M-Pesa, na sikuuliza hata siku moja ni dawa ya nini.

5/ Mara ya nne tulimwita daktari wa mifugo. Alikamua kila chuchu kwenye sahani yenye vishimo vinne, akamimina maji ya kupimia, akazungusha. Vitatu vilibaki vyepesi, cha nne kikawa kizito kama uji. Akampa ng'ombe dawa ya maumivu, akachukua maziwa ya chuchu hiyo kwa chupa safi. "Mama, antibiotiki ingoje. Sidungi kitu nisichokijua."

6/ Chupa ikaenda maabara Kabete. Huko maziwa hupakwa kwenye sahani ya chakula cha bakteria, yakawekwa kwenye joto la nyuzi 37 hadi bakteria waote. Wakishatambuliwa, hupandwa tena na kuwekewa vijikaratasi vyenye dawa tofauti. Dawa inayofaa huacha duara tupu pembeni yake. Kwetu, karatasi ya penisilini ilizungukwa na bakteria hadi ukingoni. Sindano tatu zote zilikuwa bure. Dawa nyingine ndiyo iliyofanya kazi, lakini chuchu ile ilikauka na haijarudi.

7/ Sasa sehemu ya aibu. Daktari aliuliza, "Na maziwa yalienda wapi, Mama?" Shangazi akanyamaza, mimi pia. Chupa ya dawa inaonyesha siku za kumwaga maziwa baada ya sindano. Sisi tuliendelea kuuza, kwa majirani wenye watoto wadogo. Na usiniambie ati walichemsha. Kuchemsha kunaua bakteria, lakini huwezi kukutegemea kuondoa mabaki ya dawa.

8/ Kwa nini hii ni siasa? Soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Sera ya afya ya mifugo ni ya serikali kuu. Huduma zenyewe ni za kaunti. Kwa hivyo mmoja anazindua chanjo, mwingine ndiye wa kuajiri daktari wa wadi. Jukwaani kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na mkulima anabaki na muuza duka.

9/ Maabara kuu iko Kabete. Za kanda ziko miji kama Karatina, Nakuru, Eldoret, Kericho, Mariakani na Garissa. Kutoka Uthiru, Kabete ni hapo tu. Aliye mbali na miji hiyo apeleke chupa na barafu kwa basi gani?

10/ Na si maziwa tu. Ng'ombe akifa ghafla na damu isiyoganda inamtoka puani, shuku kimeta. USIMPASUE. Bakteria wakipata hewa hujifanya mbegu ngumu zinazokaa udongoni miaka na miaka. Daktari huchukua tone la damu sikioni, akalitazama kwa darubini, na mzoga huchomwa au huzikwa kwa kina. Mnyama au mtu akiwahiwa mapema, moja ya dawa za kimeta ni penisilini, hiyohiyo tuliyokuwa tukiichezea kwa kubahatisha.

11/ Kwa hivyo mwanasiasa akija kwenu na hotuba ya mifugo, awe wa upande wowote, muulize matatu:
– Wadi hii ina daktari wa mifugo wangapi?
– Sampuli inafika maabara vipi, na nani analipa?
– Nani anapima mabaki ya dawa kwenye maziwa tunayouziwa?

12/ Shangazi siku hizi anaandika tarehe ya kila sindano kwa chaki kwenye mlango wa zizi, na tarehe ya kuanza kuuza tena. Hasara ya hizo siku inauma, na hakuna anayemfidia. Hilo pia ni swali la kuuliza.